Kura ya Tatu

Mwalimu Onzima ameinua kadi nyekundu: Asiku.
Yule kijana wa redio ameinua ya buluu: Candiru.
Sasa ukumbi mzima wa Oli umenigeukia mimi,
fundi cherehani mwenye miwani ya kamba,
niliyeitwa kuketi hapa kwa sababu tu
zamani, kabla ya ndoa na huu mguu mbovu,
niliwahi kumnyamazisha mwanamume kwa beti nne.

Waendesha boda wamepanda madirishani.
Kuna mtu anapiga honi nje, moja, kisha moja,
kama daktari anayegonga kifua.

Mbele yangu daftari la vipimo.
Kiuno cha Mama Zubeda, themanini na nane;
chini yake raundi ya kwanza ya Asiku,
na sikupata pa kumkosoa.
Vina vyake vimelala kama mshono wa suti ya harusi:
geuza ndani, ni safi kuliko nje.
Raundi ya pili akamsogelea binti wa watu, pua kwa pua:

     Beti zako za mkopo, mdai ndiye mimi, nimefika,
     vua viatu, weka rehani, rudi kwenu ukiaibika.

Ukumbi ukaruka. Hata mimi kalamu iliniponyoka.

Candiru akavitazama viatu vyake,
raba za shule zilizofungwa kwa uzi wa katani,
akacheka, akaanza na hivyo hivyo viatu:
vimetembea wapi tangu Terego,
mvua ya nani imevilowesha;
rehani hii ina matope, alisema, hesabu vizuri.
Akaingia Kilugbara, akatokea kwenye Kinubi,
akarudi kwenye Kiswahili bila kuukanyaga mdundo.
Niliandika: sawa. Nikafuta. Nikaandika: sawa.

Ya tatu ndiyo yenye kesi.
Asiku alirudia kina kimoja mara mbili, basi, si kosa kubwa.
Candiru alikuwa katikati ya mstari
umeme ukakatika. Spika ikafa kwa mlio wa mbuzi.
Moja. Mbili. Tatu.
Halafu gizani sauti tupu, bila waya, bila mtu wa kuibeba:

     Umeme umenisikia, ukaona haya, ukazimika;
     wewe bila spika ni nani? Mimi hapa nasikika.

Wee! Viti viwili vilivunjika.
Watu walikumbatiana na wasiowajua.

Lakini mimi nilikaa karibu.
Kabla ya taa kuzima, kabla kidogo tu,
kiasi cha kupitisha uzi kwenye tundu la sindano,
niliuona mdomo wake umebaki wazi
na ndani yake hamna kitu.
Alikuwa ameshasahau.
Giza lilimkuta chini, likamfunika kanga,
likamwambia, jitengeneze.

Nani mwingine aliona? Mwalimu alikuwa anafuta jasho.
Kanuni inasema aliyekwama amekwama.
Haisemi lolote juu ya aliyekwama
kisha akainuka na mstari ambao mimi,
katika ujana wangu wote wa ufidhuli, sikuwahi kuupata.

Honi. Moja. Kisha moja.

Nikainua nyekundu.

Sitasimulia walivyonizomea. Chupa moja ya maji ilinipita sikioni.
Nilikuwa nakunja daftari alipokuja Candiru,
jasho bado shingoni, akainama:
"Uliona, Mama?"
"Niliona."
"Nilidhani hakuna aliyeona."
Akakaa kidogo. Akanibebea begi hadi barabarani,
hakuongeza neno.

Asubuhi Mama Zubeda amefuata sketi yake.
Nafungua daftari nitafute nyonga,
na kati ya kiuno na urefu, kwa mwandiko wangu mbaya wa gizani,
naukuta mstari mmoja tu ulioandikwa mzima.
Si wa Asiku.
Mama Zubeda anausoma kwa sauti, anacheka,
anauliza, "Huyu aliyesema hivi, bila shaka alishinda?"

Nashika mkasi. Namwambia asimame wima,
nipime tena.